Walivyonichangia Mazishi Nikiwa Hai

Kama umeambiwa kuna kitu kwenye uti wa mgongo wako, na tangu siku hiyo hujapata usingizi, soma haya ukiwa umeweka mto nyuma ya kiuno. Mimi nilikaa vibaya kwa miezi mingi kabla mtu hajanionyesha namna ya kukaa. Sasa natembea. Juzi nilitoka nyumbani kwangu Kaptembwo hadi sokoni kwa miguu, nikarudi na fungu la sukuma wiki, na njiani sikusimama ila kusalimia watu. Nakuambia mwisho mapema kwa sababu najua umeshasubiri vya kutosha.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule, na kazi hii ina msimu mmoja wa kweli, nao ni wiki zile za Januari kabla shule hazijafunguliwa, ambapo kila mzazi anataka sweta na kaptura jana. Maumivu yalinianza katika msimu huo. Sikushtuka, maana fundi asiyeumwa mgongo huyo hana wateja. Nilinunua dawa za maumivu dukani na kila jioni nikafungwa leso yenye maji moto kiunoni. Mvua za Aprili zilipokuja nilikuwa natoa jasho kitandani kama mtu aliyekimbizwa. Nguo zangu zikaanza kunipwaya. Mimi ninayepunguza nguo za watu nilipunguza rinda langu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bado sikujiuliza lolote. Julai na baridi yake ilipofika, mguu wa kushoto ukawa hausikii pedali ya cherehani. Niliona sindano ikipanda na kushuka, lakini mguu sikuuhisi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilianza kukaa kwenye mabenchi ya hospitali ya umma. Mabenchi hayo yana sheria zake. Ukienda msalani unaacha mfuko wako mahali pako, na mfuko huo unaheshimiwa kuliko wewe mwenyewe. Anayekuja na chupa ya chai hupata marafiki upesi. Na mazungumzo ni yale yale kila siku, kwamba nani alipe. Wakati ule mfuko wa zamani wa bima ya afya ulikuwa umefungwa na mpya umefunguliwa. Ule wa zamani nilikuwa nikiulipia kila mwezi nilipokuwa na kazi na kuuruka nilipokuwa sina. Huu mpya ulitutaka sisi tusio na mshahara tulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwanza walikuuliza maswali: paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, unapikia kuni au gesi, una ng'ombe. Nilijibu yote kwa ukweli, nikahesabiwa kuwa nina uwezo ambao sikujua ninao. Ningeulizwa Januari ningelipa. Waliniuliza Julai, na fundi wa sare mwezi wa Julai ni maskini mwenye mkasi.

Ndugu yangu Kariuki alikuwa na jibu lake. Alistaafu jeshini na sasa anaishi Gilgil, anafuga kuku na kuwapa amri. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kuona dirisha la malipo. Ukiumwa unatibiwa, ukipona unarudi kazini, na nchi nzima ingefaa kuendeshwa hivyo. Nikamwambia basi tuandikishwe jeshini sote, hata mama. Binti yangu Wanjiru naye yuko Uingereza, analea wazee. Alinieleza kwa simu kwamba huko matibabu hulipwa na kodi inayokatwa kwenye mshahara wa kila mtu, na mgonjwa akifika mlangoni haulizwi pesa. Lakini bibi anayemtunza alikuwa amengoja kubadilishiwa nyonga karibu mwaka mzima. Nikamwambia, basi huko mnangoja daktari na huku tunangoja pesa. Alicheka, kisha nikamsikia akilia.

Mashine ya kupiga picha ya mgongo ilikuwa kwenye kituo cha watu binafsi, na mashine za namna hiyo haziwashwi kwa maombi. Daktari aliyeisoma picha alikuwa kijana mpole. Alinionyesha pingili mbili za mgongo zilizoliwa kama hindi lenye dumuzi. Alisema huenda ni saratani iliyotoka mahali pengine mwilini, lakini hawezi kujua mpaka kipande kidogo kikatwe kikapimwe. Nilisikia neno saratani peke yake. Hayo mengine nilisimuliwa na Kariuki baadaye.

Sisi tuna shamba moja tu, Ndabibi, alilotuachia baba. Mama anaishi hapo na ng'ombe wake mmoja na viazi vyake, na baba amezikwa hapo hapo karibu na ua. Kabla ya wiki kuisha Kariuki alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa mjini mwenye haraka. Alilipa sehemu ya kwanza mbele ya mashahidi, nayo ndiyo iliyolipia deni la picha, kukatwa kile kipande, na mkanda wa plastiki ngumu wa kushikilia mgongo. Tulikubaliana kwamba atalipa iliyobaki na kuchukua shamba viazi vikishachimbwa. Tukibadili nia tumrudishie chake chote kabla ya siku hiyo. Mama alitia kidole cha gumba kwenye karatasi, kisha akaenda kukama. Angehamia kwangu, kwenye chumba kimoja chenye cherehani mbili. Sikuwahi kumwogopa mtu maishani kama nilivyomwogopa mama yangu siku hiyo kwa kutonilaumu.

Majibu ya kile kipande yangechukua majuma matatu. Majirani hawakungoja. Mzee Nyakundi ni fundi wa viatu na mzee wa kanisa letu, na hakuna matanga yaliyofanyika mtaani kwetu ambayo yeye hakuwa mwenyekiti wa kamati. Ni mtu mwema kupita kiasi. Alisema safari hii tuchange mapema, mgonjwa akiwa bado anasikia. Akaanzisha kundi kwenye simu. Juma la kwanza zikaja pole nyingi, na pesa zikaja kwa kuchungulia.

Sasa, Mzee Nyakundi hana subira na simu. Badala ya kuwaongeza watu mmoja mmoja, baada ya majuma mawili akaamua kutumia kundi la matanga yaliyopita, kwa sababu wachangaji wote walikuwa humo tayari. Alilobadilisha ni jina la mhusika tu. Akaniingiza na mimi ili nijionee upendo wa watu. Nilikuwa nimelala chali mchana, nakunywa uji niliopikiwa na jirani, simu ikalia. Juu kabisa, pembeni mwa picha ya mshumaa unaowaka, paliandikwa: Mazishi ya Mama Wanjiru.

Nilijipapasa. Huo ni ukweli, nilijipapasa kifuani kwanza kabla sijapapasa simu. Wanjiru akapiga kutoka Uingereza, na niliposema haloo akapiga ukelele akakata. Shangazi zetu wawili walifika kutoka Ndabibi wamefunga vitambaa kichwani, mmoja amebeba sufuria kubwa ya kupikia waombolezaji. Wakanikuta nakunywa uji. Shangazi mkubwa aliuchungulia uji wangu, akasema, "Haya, kwa vile tumekuja, tutakula nini?" Tulicheka mpaka mgongo ukanikaba.

Lakini kuna jambo halikunichekesha. Kosa hilo lilikaa siku mbili kabla mtu hajamsaidia mzee kulirekebisha, na katika siku hizo mbili pesa zilizoingia zilizidi zile za majuma yote ya matibabu. Watu ambao hawakuwa na kitu nikiwa mgonjwa walikuwa nacho nilipokufa. Siwalaumu. Mazishi yana tarehe, na jeneza halikopeshwi. Ugonjwa hauna siku ya mwisho ya kuchangia. Nililala pale nikafikiri kwamba sisi hatuna mfuko wa matibabu. Tuna mfuko wa mazishi ulio imara sana, na mara moja moja mgonjwa huponea humo. Nilikasirika kwa siku kadhaa, kisha uji ukaletwa tena, na hasira na uji haviendi pamoja.

Majibu yalitoka siku ya mvua ndogo. Daktari yule mpole aliisoma karatasi mara mbili, akavuta kiti karibu.

"Mathe, hii si cancer. Ni TB."

Nikamwambia sikohoi, sijawahi kukohoa.

"Hii ni ya mgongo. Inakula mfupa badala ya mapafu. Wewe utameza dawa mwaka mmoja, na huo mguu utarudi."

"Na hizo dawa ni pesa ngapi?"

"Za TB? Hakuna kitu unalipa."

Nililia kwa sauti. Sista mmoja akaja mbio akidhani nimepewa habari mbaya, akanishika bega, akaniambia nijipe moyo, kifua kikuu kinapona. Sijui kama yupo mwingine aliyewahi kumshukuru Mungu kwa kupewa kifua kikuu. Mimi nilishukuru mpaka watu wa benchi la nje wakanyamaza kusikiliza.

Chumba cha kifua kikuu kiko nyuma kabisa, madirisha yake wazi pande zote hata wakati wa baridi, na hakina dirisha la malipo. Nilisimama mlangoni nikilitafuta kwa mazoea. Sista Jerono, msimamizi wa chumba hicho, alinipima uzito, akanipa tembe, akaandika namba yangu ya simu, ya Kariuki na ya jirani. Nikadhani ni mambo ya makaratasi. Mwezi wa pili wa dawa mkanda ulinichubua ubavu, nikaahirisha siku yangu bila kumwambia mtu. Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Sista Jerono, akiuliza niko wapi, dawa zangu zinaningoja. Nilikaa na ile simu mkononi nikishangaa. Kwingine kote katika hospitali ile ile usipolipa hupiti. Kwenye chumba kile, usipokuja wanakutafuta.

Nilimuuliza kwa nini sisi tu. Alisema kifua kikuu cha mtu mmoja ni hatari kwa mtaa mzima, kwa hiyo zamani sana watu walikubaliana kwamba mgonjwa wake asizuiwe na pesa. Serikali inatoa, na wafadhili wa nje wanatoa. Kisha akapunguza sauti akasema wafadhili siku hizi wanachoka. Mwezi huo alinipa tembe za majuma mawili tu badala ya manne, akaniomba radhi, akanitaka nirudi. Nilirudi na zilikuwapo. Lakini majuma hayo mawili nilikuwa nikizihesabu tembe zangu kila asubuhi, na nikaelewa kwamba cha bure kina mwenyewe mahali fulani, na mwenyewe huyo anaweza kubadili mawazo.

Kwenye benchi nilikuwa nikikaa na mwanamke mmoja wa Gilgil aliyekuwa na uvimbe kwenye titi. Tuligawana chai na mikate. Yeye alikuwa wa lile dirisha la malipo. Kila akija alitumwa arudi akikamilisha malipo ya bima. Siku moja hakuja. Nilimngoja wiki hiyo na iliyofuata, wala sikuwa na namba yake, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpigia. Huwa namfikiria ninapomeza dawa. Nani aliamua kwamba kifua cha jirani kinatuhusu sote, lakini titi lake ni shauri yake?

Kwa wewe unayeanza dawa hizi, nikuambie mambo machache ya mwili. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, na ukilia, machozi pia yatatia foronya rangi hiyo, usiogope. Viungo vitauma. Njaa itarudi ghafla, utakula ugali wa wanaume wawili na kutazama sufuria. Mkanda unatia joto na kunuka, basi ushonee bitana ya pamba. Mimi niliushonea vipande vya mashati ya shule, rangi tatu tofauti, na nikawashonea wagonjwa wengine wawili wa chumba kile. Mguu wangu ulirudi polepole, ukianzia na kidole kikubwa. Asubuhi moja nilihisi baridi ya sakafu kwa mguu wa kushoto, nikabaki nimesimama pale pale naifurahia baridi.

Lakini shamba lilikuwa bado limeshikwa, na viazi vya mama vilikuwa vimeanza kukauka majani. Pesa za mchango zilikuwa kwa mweka hazina, zikingoja matibabu ya saratani ambayo hayakuhitajika tena. Nami nilikuwa kimya. Nakiri hapa kwa sababu huenda wewe pia unanyamaza. Niliona haya. Nikisema ni kifua kikuu, nani ataleta mtoto wake nimpime sweta? Nikisema dawa ni za bure, si wataniita mwizi? Hata Kariuki hakuziamini dawa zenyewe. Alisema kitu kisicho na bei hakina nguvu, yeye aliyetibiwa bure miaka yote ya utumishi wake, na akataka tuliache shamba liende ili anipeleke hospitali ya pesa. Tuligombana kwenye simu kwa mara ya kwanza tangu utoto. Mama ndiye aliyeimaliza kesi. Aliniuliza kama mguu unatembea, nikasema unatembea. "Basi utembee uende useme," akasema, akakata simu.

Nilienda Jumapili baada ya ibada, kamati ikiwa imekaa kwenye chumba cha kando ya kanisa. Nilikataa kiti. Niliwaambia kila kitu nikiwa nimesimama: kwamba ni kifua kikuu cha mgongo, hakiambukizi kama kile cha kukohoa, dawa ni za bure na ninapona, kwamba vipimo na mkanda havikuwa vya bure na vimekula sehemu ya shamba la mama. Nikasema pesa zao ziko zote. Wakitaka wazichukue. Wakikubali, zilikomboe shamba kabla viazi havijachimbwa.

Mama Chebet, anayeuza mitumba karibu na kibanda changu na asiyemficha mtu kitu, aliinua mkono.

"Mimi nitasema ukweli. Mimi nilitoa ya mazishi."

Wengine wakaguna kukubali. Mzee Nyakundi alivua kofia, maana kosa lilikuwa lake na kila mtu alijua. Alisema polepole kwamba tangu awe mwenyekiti hajawahi kuona pesa ya matanga ikirudi kwenye mfuko wa aliyeitoa. Ikirudi, inarudi na maiti. Hakuna aliyetaka kubishana na hilo, na mkono wa Mama Chebet ulikuwa wa kwanza kuinuka walipopiga kura. Wakakubali shamba likombolewe. Nilishika ukuta kidogo, nikasema ni mgongo.

Hapo ningekaa. Lakini mweka hazina alisema kuna kiasi kitabaki, nami nikawaambia lile lililokuwa likinisumbua tangu yule mwanamke wa Gilgil apotee. Kuna watu humu ndani hawajalipia bima kwa sababu ya ule mkupuo wa mwaka mzima. Tuwalipie kwa kilichobaki, na kila Januari, ninapokuwa na pesa za sare, na wengine wakiwa na za mavuno, tuweke tena.

Walikataa karibu wote. Mama Chebet alisema kwa niaba yao kwamba kuchangia ugonjwa ambao haujafika ni kuuita.

"Mlinichangia kifo ambacho hakijafika," nikamwambia. "Kilikuja?"

Mzee Nyakundi alikohoa ndani ya kofia yake. Mama Chebet alifikiri, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Na nikilipa mwaka mzima nikose kuugua?"

"Utakuwa umemlipia mtu mwingine."

"Nani?"

"Hutamjua. Hata mimi siwajui walionilipia hizi tembe."

Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka hadi kwenye mguu wa kushoto. Kisha akamwambia mweka hazina aandike jina lake, na aliandike vizuri, huyo mtu atakayelipiwa asije akashindwa kulisoma.